Chaneli ya 6 haina mwenyewe: historia ya hewa tunayogombania Kinoru

Wacha nianze na maneno yatakayoudhi watu wawili watatu. Net ikianza kukwama saa mbili usiku, mara nyingi kampuni iliyokuwekea faiba haina makosa. Intaneti imefika hadi kwa ukuta wako ikiwa sawa kabisa. Inakufia kwenye zile mita tano kutoka kwa ruta hadi kwa simu. Na ukitaka kujua kwa nini inafia hapo, itabidi turudi hadi 1947, kwa watu ambao hawakuwa wakifikiria kompyuta hata kidogo. Walikuwa wakifikiria jiko.

Ndiyo, jiko. Nivumilieni, tutafika.

Mimi ni mtu wa Kinoru, hapa Meru mjini. Wengi mnaijua kwa sababu ya uwanja. Hapo ndipo sherehe za Madaraka zilifanyiwa 2018, na ni uwanja uleule uliokuwa ukikarabatiwa kwa ajili ya CHAN kabla Kenya haijapokonywa mashindano yakapelekwa Morocco. Lakini Kinoru ninayoishi mimi ni ya maploti. Ghorofa nne, tano, milango imepangana kama madawati, na siku hizi karibu kila mlango una ruta yake imekaa kando ya TV. Jioni moja nilifungua programu ya kupima Wi-Fi kwa simu nikiwa nimejilaza tu, nikahesabu netiweki 27. Ishirini na saba, na hapo sijatoka hata kwa mlango! Nyingi zilikuwa zimerundikana sehemu moja, chaneli ya 6 na majirani zake, zingine 4, zingine 8, moja 9, kila mtu pale ruta yake ilipomwangusha.

Sasa sikia hasara yake. Kwenye ploti yetu kuna dada wa ghorofa ya tatu anayelipwa kuandika maneno ya rekodi za watu wa ng'ambo. Analipwa kwa dakika za sauti, na kazi isipofika kwa wakati anapewa mtu mwingine. Kuna boy wa chuo ambaye kila CAT huituma saa sita kasoro dakika moja usiku, kama ilivyo desturi ya wanachuo. Kuna mama wa ghorofa ya chini ambaye binti yake yuko Qatar, na video ya Jumapili jioni ndiyo mkutano wao wa familia. Wote wanalipia net yao wenyewe. Wote wameshapigia kampuni zao kelele. Yule dada alipanda kutoka Mbps 10 hadi 20, akawa analipa zaidi kila mwezi, na saa mbili usiku mambo yakawa yale yale. Fundi alipoitwa alizima ruta, akaiwasha, akasema "iko sawa sasa," akaenda zake. Na ilikuwa sawa kweli, kwa sababu ilikuwa saa nne asubuhi na ploti nzima iko kazini.

Hiyo pesa ya ziada ndiyo inaniuma. Anaongeza maji kwa tangi wakati mfereji wa kutoka kwa tangi ndio umejaa watu.

Kuna kitu hatufundishwi shule: hewa ina mashamba. Kila kitu kinachotumia mawimbi ya redio, iwe TV, simu, ndege, polisi au ile remoti ya geti, kinakaa kwenye kipande chake cha masafa. Na vipande hivyo vimepimwa na kupewa wenyewe, karibu vile mashamba hupimwa na kutolewa hati. Mataifa yalikutana Berlin mwaka wa 1906 kukubaliana sheria za kwanza za kimataifa za redio. Berlin, ndiyo, mji uleule ambapo miaka ishirini na kitu hivi kabla yake walikuwa wamekaa na ramani ya Afrika mezani. Mnajua jinsi tulivyowakilishwa.

Hapa kwetu utangazaji wa redio ulianza 1928, Nairobi, kupitia kampuni iliyoitwa British East African Broadcasting Company. Ilikuwa redio ya walowezi: habari zao, muziki wao. Baada ya uhuru, mwaka wa 1964, serikali ikachukua utangazaji na kuuita Sauti ya Kenya. Kuanzia hapo, kwa zaidi ya miaka thelathini, hewa ya redio ya Kenya ilikuwa na mwenye nyumba mmoja. Ndiyo maana Agosti 1, 1982, wanajeshi wa angani walipojaribu kumpindua Moi, walikimbilia studio za redio, na Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Ukishika masafa yale, umeshika masikio ya nchi nzima. Waulizeni wazazi na shosho zenu walikuwa wapi asubuhi hiyo. Kila mtu atakwambia alikuwa karibu na redio ya nani.

Stesheni ya kwanza ya FM isiyo ya serikali, Capital FM, ilikuja 1996 tu. Kina sisi tuliozaliwa tukisikiliza Muuga FM kwa Kimeru matatuni huwa tunadhani hiyo ni kitu ya kawaida. Si ya kawaida hata. Kila stesheni unayosikia ina karatasi mahali, na kuna ofisi inayoweza kuichukua hiyo karatasi. Ofisi yenyewe ilianza 1999 ikiitwa CCK, baada ya lile shirika kubwa la posta na simu kugawanywa vipande, na sasa ndiyo CA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Februari 2015 wengi wenu mlikuwa bado primary, lakini nina hakika mnakumbuka TV ikiwa giza. Kenya ilikuwa inahama kutoka analogi kwenda dijitali. Citizen, NTV na KTN walikuwa wanavutana na serikali kortini kuhusu nani atabeba matangazo yao. Katikati ya mwezi mitambo yao ya analogi ikazimwa Limuru, na wao wakakaa karibu wiki tatu bila kuonekana. Watu wengi walielewa tu kwamba serikali inataka tununue ving'amuzi. Mimi naona kilichokuwa kinagombaniwa hasa ni shamba. TV za analogi zilikuwa zimekalia eneo kubwa sana la masafa mazuri, yale yanayopenya kuta na kufika mbali, na kampuni za simu zilikuwa nje ya ua zikisubiri lifunguliwe kwa ajili ya 4G. Lilipofunguliwa, bei ya kipande cha megahezi 10 kwenda na 10 kurudi ilikuwa dola milioni 25. Kisha Januari 2018, siku Raila alipojiapisha Uhuru Park, stesheni zilezile tatu zikazimwa tena. Hiyo haikuwa ya ving'amuzi.

Kwa hivyo mkishashika hapo, nishikieni na hii. Kuna kipande cha hewa, kutoka megahezi 2400 hadi 2483.5, ambacho hakijauzwa. Upana wake ni megahezi 83.5, mara nne ya ile ya dola milioni 25. Huhitaji leseni. Humwombi mtu. Unanunua ruta, unaichomeka kwa soketi, na tayari wewe ni mtangazaji. Hakuna mtu wa kwenda Limuru kuizima chaneli ya 6, kwa sababu haina Limuru yake. Kwa nini kitu cha thamani hivyo kiliachwa wazi?

Kwa sababu kilikuwa kimeshaharibiwa.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni ya Raytheon ya Marekani ilikuwa inatengeneza vifaa vya rada. Mmoja wa mainjinia wake, Percy Spencer, mtu ambaye hata shule hakuimaliza, inasimuliwa kwamba alikuwa amesimama karibu na mtambo akagundua chokoleti iliyokuwa mfukoni imeyeyuka. Mwaka wa 1945 akaomba hataza ya kupika kwa mawimbi. Maikrowevu ya kwanza iliyouzwa ilikuwa na urefu wa karibu futi sita na uzito wa zaidi ya kilo 300, kwa hivyo hakuna aliyeiweka juu ya friji. Lakini ilikuwa inahitaji mahali pa kupiga kelele. Maikrowevu ni kama redio inayotangaza makelele matupu ndani ya sanduku la chuma, na sanduku huvuja kidogo. Mwaka wa 1947 mataifa yalikutana tena, safari hii Atlantic City, yakatenga vipande kadhaa vya masafa kwa mashine za viwandani, za utafiti na za hospitali, ikiwemo sehemu inayozunguka megahezi 2450. Sheria yake ilikuwa rahisi: hapa ni jaa. Ukitaka kuweka mawasiliano yako hapa, usilalamike ukisumbuliwa.

(Kando kidogo: wale wanaosema 2.4 ilichaguliwa kwa sababu ndiyo masafa maalum ya maji, hapana. Maji hupata joto kwenye masafa mengi tu. Walichagua mahali, wakakubaliana.)

Jaa likakaa hivyo karibu miaka arobaini. Halafu 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikafanya kitu ambacho wakubwa wa redio hawakukipenda. Injinia mmoja wa hapo, Michael Marcus, alikuwa amesukuma wazo kwamba watu waruhusiwe kutumia majaa hayo bila leseni, mradi wasitumie nguvu nyingi na watawanye mawimbi yao ili wasiwe mwiba kwa mtu mmoja. Kumbuka hapakuwa na Wi-Fi. Aliyefungua mlango hakujua nani ataingia.

Kati ya walioingia mapema walikuwa wauza mashine za kulipia supamaketi. Sipigi porojo. Kampuni ya NCR, wale wa mashine za kesha, walikuwa na mainjinia Uholanzi waliotaka mashine ziongee bila waya, ili duka likipangwa upya wasipasue sakafu tena. Lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake, kwa hivyo mwaka wa 1990 ikaundwa kamati ya kutafuta lugha moja, na mwenyekiti wake akawa Vic Hayes, mtu wa NCR. Kamati iliitwa 802.11. Sisi hapa tuna Njuri Ncheke, baraza la wazee pale Nchiru ambalo limeamua kesi za mashamba tangu zamani, na mnajua wazee hawaharakishwi. Hawa wa 802.11 ni hivyohivyo. Walikaa miaka saba. Sheria ya kwanza ilitoka 1997, ile iliyoshika kweli ikatoka 1999, mwaka ambao pia jina Wi-Fi lilitungwa na kampuni ya kutunga majina. Halina kirefu chochote. Mtu akikwambia ni ufupi wa kitu fulani, mwache tu.

Na ile hadithi ya mtandaoni kwamba mwigizaji Hedy Lamarr ndiye aliyebuni Wi-Fi? Yeye na mwanamuziki George Antheil walipata hataza mwaka wa 1942 ya redio inayorukaruka masafa ili adui asiizuie, na hiyo heshima ni yao. Lakini kinachorukaruka mfukoni mwako ni Bluetooth. Wi-Fi ya 1999 haikuruka. Ilikaa kwenye chaneli moja, na hapo ndipo shida yetu ya Kinoru inapozaliwa.

Eneo hilo la 2.4 liliwekewa namba. Jumla ya namba ni 14. Kumi na nne! Yaani ni Nissan. Nikiwaza chaneli za Wi-Fi huwa naona matatu ya abiria 14 iko pale Makutano, konda anaita. Kiti cha 14 ni cha Wajapani, sisi wengine hatukigusi. Marekani wanaishia kiti cha 11. Sisi, kama Ulaya, tunafika 13. Sasa ujanja uko hapa. Viti vimeachana kwa megahezi 5 tu, lakini abiria wa 1999 alikuwa na upana wa megahezi 22. Mtu mmoja anakalia viti vinne na nusu. Namba ya chaneli inaonyesha kitovu chake kiko wapi, haionyeshi mapaja yanafika wapi. Chaneli ya 1 ina kitovu 2412, kwa hivyo mwili wake unaanza 2401 hadi 2423. Anayefuata bila kumgusa ni chaneli ya 6, kutoka 2426 hadi 2448. Halafu 11, kutoka 2451 hadi 2473. Gari limejaa. Abiria watatu ndani ya Nissan ya 14.

Ndiyo maana utasikia kila mtu wa kompyuta akiimba "1, 6, 11". Lakini wengi wanaimba bila kusema sehemu muhimu, ambayo ni hii: kukaa chaneli moja na jirani ni afadhali kuliko kukaa katikati.

Najua inasikika kinyume. Ukiona chaneli ya 6 ina watu tisa na ya 4 haina mtu, akili inakwambia hamia 4. Usihamie. Ili uone kwa nini, twende Hawaii dakika moja. Mwaka wa 1971 Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha huko waliwasha ALOHAnet, mtandao wa redio wa kuunganisha visiwa na kompyuta moja. Sheria yao ilikuwa: ukiwa na la kusema, sema. Mkigongana, kila mmoja anyamaze kwa muda wa bahati nasibu kisha arudie. Ilifanya kazi, lakini hesabu zilionyesha kwamba ukiongea hivyo bila mpango, hata mambo yakienda vizuri namna gani, ni kama asilimia 18 tu ya muda itakayobeba maneno yanayoeleweka. Iliyobaki ni kugongana na kimya. Waliokuja baadaye wakaongeza adabu: sikiliza kwanza, mwenzako akimaliza ndio uanze. Wi-Fi imerithi adabu hiyo.

Kwa hivyo ruta tisa kwenye chaneli ya 6 ni kama baraza la chifu. Ni polepole, ndiyo, lakini kila mmoja anamsikia mwenzake na anajua zamu imefika kwa nani. Ruta iliyokaa 4 ni mtu aliyesimama dirishani mwa baraza na spika ya kuhubiria. Haielewi kinachosemwa ndani, inasikia mngurumo tu, na wale wa ndani nao wanasikia mngurumo wake. Hakuna zamu. Kila neno linarudiwa mara mbili, tatu. Na huyo wa dirishani anaharibia baraza mbili kwa mpigo, ya 1 na ya 6. Kwenye ile hesabu yangu ya netiweki 27, waliokuwa wakituumiza zaidi walikuwa wale watano sita wa 3, 4, 8 na 9, na sidhani hata mmoja wao alichagua mwenyewe. Ruta ilimchagulia.

Hapa narudi kwa yule fundi. Ruta nyingi za bei nafuu zikiwekwa "auto" huchungulia hewa wakati wa kuwaka tu, kisha hukaa hapohapo. Ukiiwasha saa nne asubuhi, itachagua kulingana na saa nne asubuhi. Itapata nafasi nzuri karibu na kiti cha 8, itapanga mguu, na saa mbili usiku itakuwa imebanwa katikati ya ploti nzima. Usipoingia mwenyewe kuibadilisha, itakaa hapo hadi stima ipotee. Hapa Meru stima hupotea, kwa hivyo angalau tuna bahati nasibu.

Kuingia si kazi ya fundi. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani ya tarakimu, mara nyingi inaanza na 192.168, pamoja na jina na paswadi. Unaiandika kwenye kivinjari, unatafuta sehemu ya Wi-Fi, unatoa "auto", unaweka moja kati ya zile tatu. Ukiwa hapo angalia upana: kama imeandikwa 40, rudisha 20. Kwenye 2.4, mtu wa 40 ni abiria aliyelala kwa kiti cha nyuma chote na mzigo juu, halafu anauliza kwa nini gari limejaa. Na ubadilishe ile paswadi ya kibandiko, tafadhali, kwa sababu nimeona kibandiko cha jirani yangu kutoka kwa ngazi.

Kwenye ploti yetu tulimaliza hii maneno kwa ile grupu ya WhatsApp ya maji na taka. Ilichukua siku nne na maneno makali kidogo. Ghorofa ya kwanza 1, ya pili 6, ya tatu 11, ya nne ikarudi 1, kwa sababu slabu tatu za zege katikati zinatosha kuwatenganisha. Dada wa rekodi alirudi Mbps 10 mwezi uliofuata, na video ya Qatar haigandi tena kila dakika. Sitawadanganya kwamba imekuwa barabara ya lami. Netiweki 27 bado ni 27, zamu bado ni ndefu, na kuna duka la chini lenye ruta ya antena sita ambalo limekataa katakata kutoka 9. Mwenye duka ni mzee wa heshima, tunamsalimia vizuri, tunaendelea kumwomba.

Dawa kubwa zaidi kwa wengi ni kuondoka kwenye Nissan. Ruta nyingi za siku hizi zina 5 GHz, na huko chaneli ziko kwa mbali: 36, 40, 44, 48, kila moja megahezi 20 bila kugusana, na zingine juu zaidi. Ziko sehemu ambazo rada za hali ya anga zilitangulia kukaa, kwa hivyo ruta ikisikia rada ni lazima ihame yenyewe. Watu husema 5 GHz ni mbaya kwa sababu haipenyi ukuta. Kwa mtu wa ploti za mawe, hiyo ndiyo sifa yake kuu. Ya jirani pia haipenyi kuja kwako. Simu na laptopu zipeleke huko, 2.4 uwaachie TV za zamani na simu za bei ya chini ambazo hazina pengine pa kwenda.

Halafu kuna wale ambao hewa wazi si suala la TV kuganda kwao, ni suala la kuwa na intaneti ama kutokuwa nayo kabisa. Zungukeni mlima hadi Nanyuki. Mwaka wa 2013 ulianzishwa huko mradi wa Mawingu, ukiwa na Microsoft na serikali, kutumia nafasi tupu zilizobaki kati ya chaneli za TV kufikisha intaneti mahali ambapo faiba isingefika, kwa umeme wa jua. Shule ya upili ya Gakawa ilikuwa kati ya za kwanza kuunganishwa. Masafa yaleyale yaliyokuwa ya stesheni moja kubwa yakawa yanabeba masomo ya kijijini. Kibera nako TunapandaNET wamejenga mtandao wa jamii kwa vifaa vya kawaida vya Wi-Fi, paa kwa paa. Hawa wote wanasimama juu ya ule mlango wa 1985.

Mlango unaofuata ni 6 GHz. Aprili 2020 Marekani ilifungua megahezi 1200 kwa mpigo, kutoka 5925 hadi 7125, zote bila leseni. Kenya imefungua ile sehemu ya chini, hadi 6425. Ya juu ilizungumziwa Dubai mwishoni mwa 2023, kwenye mkutano wa dunia wa redio, na kwa ukanda wetu, yaani Afrika, Ulaya na nchi za Kiarabu, ikaelekezwa kwa mitandao ya simu, ingawa Wi-Fi nayo ikatajwa. Kampuni za simu zinasema miji inakua na zinahitaji nafasi. Ni kweli zinahitaji. Lakini nikiangalia Kinoru saa mbili usiku, intaneti ya watu hapa inaingia kwa waya, inatoka kwa ruta, na simu zenye kadi za laini mbili zote ziko kwenye Wi-Fi kwa sababu bando ni ghali. Hizo megahezi 700 za juu zikiuzwa, tutazikodi kwa MB. Zikiachwa wazi, tutazichomeka kwa soketi kama tulivyofanya na jaa la maikrowevu. CA huita maoni ya umma kabla ya kuamua mambo kama haya, tangazo huwekwa kwenye tovuti yao na huwa na tarehe ya mwisho. Wanaoandikaga ni kampuni na mawakili wao.